Kutoka usawa wa bahari mpaka kwenye theluji: jinsi ya kupanda Kilimanjaro ukitokea Mtwara au Lindi

Ndugu zangu wa Kusini, hii naiandika kwa ajili yetu sisi tuliokulia pwani, ambao sweta tunalivaa siku mbili tatu mwezi wa saba asubuhi halafu linarudi sandukuni, na mlima tunaoujua ni ule wa kupandisha Kitulo pale Lindi au zile kona za kuingia Newala. Kila anaeniuliza habari za Kilimanjaro anaanza na swali lile lile, hivi sisi wa huku tunaweza kweli? Tunaweza. Mimi nimefika, nimeondoka Mtwara ambako bahari iko mlangoni nikaenda mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, na theluji nimeishika kwa mkono huu. Ila mwili wa mtu wa pwani unafika kule kuna vitu viwili hauvijui kabisa, hewa nyepesi na baridi, na karibu kila aliyeshindwa niliyemwona kule hakushindwa na miguu, miguu alikuwa nayo tena ya kutosha, alishindwa kwa sababu alijiandaa kwa miguu peke yake.

Tuanze na muda wa kwenda, maana hapo ndo watu wa huku tuna bahati ambayo wengi hatujaiona. Minada ya korosho inaanza Oktoba inaenda mpaka Desemba huko, hela za msimu zinaingia mwisho wa mwaka, sasa kule mlimani mvua za vuli nazo zinanyesha Novemba na Desemba, na mvua ikinyesha Moshi kule juu kileleni ni theluji inaanguka. Ikifika Januari katikati mpaka Februari mvua zimekata, anga limefunguka, na theluji ya vuli mara nyingi bado ipo juu. Yani hela ipo, njia kavu, theluji ipo. Juni mpaka Oktoba nako ni kiangazi na watu wengi wanapanda, ila baridi ya Julai na Agosti kule juu ni kali kuliko ya Januari, kilele mara nyingi kinakuwa kikavu umebaki mchanga na yale mabarafu ya zamani tu, halafu huku kwetu ndo muda wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, utaacha shamba na nani? Masika, Machi mpaka Mei, mimi simshauri mtu wa mara ya kwanza, chini ni tope tupu na juu theluji inaweza kuwa nzito ya kuzamisha mguu. Palizi ya Januari itakuuma kidogo kuiacha lakini ni siku kumi na mbili hivi ukihesabu na safari, ongea na waliobaki nyumbani.

Sasa kabla ya kununua hata soksi nenda hospitali. Hili nalisema kwa uzito. Huku kwetu seli mundu ipo kwenye familia nyingi, na mtu mwenye ugonjwa wa seli mundu asipande mlima mrefu hivyo, hewa ikipungua zile chembe za damu zinajikunja na zinaziba mishipa, ni hatari ya kifo. Hata yule anayebeba tu, haumwi ila amerithi kwa mzazi mmoja, bandama lake linaweza kudhurika huko juu, kwahiyo apime ajijue halafu aongee na daktari kwanza. Mwenye moyo, mwenye presha isiyotulia, mjamzito, hivyo hivyo. Halafu malaria: pima siku moja au mbili kabla ya kuondoka hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu malaria inakaa kimya mwilini wiki na zaidi, ikija kukuamkia siku ya tatu mlimani kichwa kitauma na homa juu, na kichwa kuuma ndo dalili ya kwanza ya ugonjwa wa mlima pia, hapo hata mwongozaji mzoefu anabaki anakisia. Mwambie kabisa mwongozaji wako kwamba unatoka ukanda wa malaria.

Kuna dawa inaitwa Diamox watu wengi wanatumia kusaidia mwili kuzoea, inakufanya ukojoe sana na vidole vinapata ganzi ya kuwasha, hiyo uandikiwe na daktari usijinunulie. Na kama zile dawa za malaria za salfa huwa zinakutoa vipele au kukuvimbisha midomo mwambie daktari, maana hii nayo ni ya ukoo huo. (Salfa tunayopuliza kwenye mikorosho ni kitu kingine kabisa, usichanganye, shemeji yangu alidhani kwa vile amevuta vumbi la salfa miaka ishirini bila shida basi yuko salama.)

Mazoezi. Mtwara mjini ni tambarare, utakimbia Shangani ufukweni kila asubuhi na pumzi itakuwa nzuri lakini mlima hautaujua. Mimi nilianza na mchanga, natembea ufukweni na begi lenye chupa za maji za kilo saba, saa moja na nusu, mara tatu kwa wiki, mchanga unafundisha kifundo cha mguu vizuri kwa sababu njia ya mwisho ya kupanda Kibo, kile kilele kikubwa chenye theluji, ni kokoto na majivu ya volkano, unapiga hatua unarudi nusu. Baada ya mwezi nikawa naenda wikiendi Masasi. Ile milima ya mawe ya Masasi, Mtandi na wenzake, watu wanapita na basi wanaiangalia tu, kumbe ni uwanja wa mazoezi wa bure. Na Newala: shuka ule ukingo wa uwanda wa Makonde upande wa Shimo la Mungu, pale ambapo ukisimama unaona bonde lote la Ruvuma mpaka Msumbiji, shuka mpaka chini halafu panda. Bibi zetu walikuwa wanashuka na kupandisha kwenye ule ukingo na maji kichwani, sio mara moja, ndo ilikuwa maisha, kwahiyo usije ukasema haiwezekani. Zingatia zaidi kushuka kuliko kupanda. Siku ya kilele unashuka zaidi ya mita 2,000 kwa siku hiyo hiyo na magoti ndo yanayolia, paja lisilozoea kushuka linatetemeka kama limepigwa na umeme.

Na mwendo. Jifunze kutembea huku unaongea. Ukiona sentensi inakatika katikati kwa kuhema, umezidisha. Kule kuna neno utalisikia kila saa, pole pole, na sio salamu ya watalii, ndo dawa yenyewe.

Ila ujue kitu kimoja: uwanda wa Makonde haufiki mita 1,000, kwahiyo hakuna mazoezi ya huku yatakayokuzoesha hewa ya mita 4,000, hata ufanye mwaka mzima. Hewa ya juu ni ile ile ila imelegea, pale kileleni mgandamizo wake ni karibu nusu ya huu wa Mtwara, kila ukivuta pumzi unapata kama nusu ya oksijeni uliyozoea. Mwili unajirekebisha lakini kwa siku, sio kwa saa. Ndo maana ushauri wangu mkubwa kuliko yote humu ni huu: NUNUA SIKU YA ZIADA. Ukitaka kubana bajeti bana kwingine, lala nyumba ya wageni ya bei ndogo Moshi, azima jaketi, kula kwa mama ntilie, lakini usichukue safari ya siku tano kwa sababu ni rahisi. Siku moja inayoongezeka ndo inayotenganisha wanaofika na wanaorudi.

Njia zipo kadhaa, Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe na nyingine. Kwa mtu wa pwani wa mara ya kwanza mimi nasema Marangu kwa siku sita au Machame kwa siku saba, na kama mfuko unaruhusu Lemosho siku nane ndo nzuri zaidi. Marangu unalala kwenye vibanda vyenye vitanda na magodoro, sio hema, na kwa sisi tusiojua baridi hiyo ni faida kubwa hasa ikinyesha. Watu wanaiita njia ya Coca-Cola wakimaanisha ni laini, wasikudanganye, mita ni zile zile. Machame inakupandisha mpaka Lava Tower, kama mita 4,600, halafu inakushusha kulala Barranco chini ya mita 4,000, hiyo panda juu lala chini ndo namna nzuri ya kuuzoesha mwili. Kupanda bila mwongozaji mwenye kibali hairuhusiwi, hifadhi iko chini ya TANAPA, na raia tuna viingilio vyetu tofauti na vya wageni, kwahiyo ukiongea na kampuni jitambulishe mapema kwamba ni Mtanzania na beba kitambulisho cha taifa. Uliza wapagazi wao wanalipwaje na wanakulaje. Mzigo wa mpagazi mwisho kilo 20, unapimwa getini, kule wenyewe wanajiita wagumu na kweli ni wagumu, usikubali kupanda na kampuni inayowanyima chakula ili wewe upunguziwe bei.

Mavazi sasa. Piga hesabu hii: kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6. Mtwara ni 28, ukitoa hizo mara karibu sita unafika chini ya sifuri, nyuzi hasi 7, na hapo hujaweka usiku wala upepo. Alfajiri kileleni hasi 10 mpaka hasi 20 ni kawaida. Habari njema ni kwamba jaketi zito huku kwetu halina mteja, nenda mitumbani siku ya kufungua robota, jaketi la manyoya ya bata ambalo Arusha wangeligombania huku muuzaji anakushukuru umelichukua. Mimi langu nililipata kwa bei ya kilo mbili za nyama. Angalia zipu, angalia kama manyoya hayajaganda sehemu moja, kisha lifue na ulianike ndani ya nyumba wiki nzima maana likibaki na unyevu litanuka na halitashika joto.

Unavaa kwa matabaka. La ndani linalogusa ngozi LISIWE pamba. Fulana ya pamba inakunywa jasho halafu ukisimama dakika tano inageuka kitambaa cha barafu mgongoni, tafuta zile fulana za michezo za kuteleza au sufu. Juu yake sweta la manyoya mepesi, juu yake hilo jaketi, na la mwisho koti la kuzuia mvua na upepo. Suruali hivyo hivyo, taiti ndani, suruali nzito juu. Kofia ya marvin inayofunika masikio, glovu jozi mbili, nyepesi ndani na nene nje. Soksi nzito mbili kavu ziweke pembeni kabisa za usiku wa kilele, usizivae kabla hata kama unatamani. Buti ziwe zimeshatembea, vaa mwezi mzima kabla, watakuona Mtwara unatembea na buti kwenye joto na watacheka, waache. Vingine kama mfuko wa kulalia, fimbo za kutembelea na yale magamba ya kufunika mguu kuanzia kwenye kiatu mpaka chini ya goti ili theluji isiingie, kodisha Moshi, vipo, usijichoshe kuvibeba kwenye basi.

Safari yenyewe haina siri, basi la alfajiri mpaka Dar, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, ukivuka daraja la Mkapa pale Rufiji ujue bado unalo, lala Dar, kesho yake Moshi. Usipande mlima siku inayofuata baada ya basi, pumzika siku nzima Moshi. Amka saa kumi na mbili asubuhi uangalie mlima kabla mawingu hayajaufunika, ukiona kofia nyeupe imeshuka mpaka mabegani ujue juu kumeanguka theluji usiku.

Chakula: beba korosho. Zile za kukaanga bila ganda, zenye chumvi kidogo, kilo moja na nusu nilibeba na niliishia kuwagawia wagumu, wao wananipa karanga. Ni mafuta na nguvu kwenye mfuko mdogo. Ila kuanzia mita 4,000 hamu ya kula inakata na mafuta yanaweza kukukinai, hapo kunywa supu, uji, chai ya tangawizi, ndizi. Kula kama dawa. Maji lita tatu mpaka nne kwa siku, mkojo uwe mweupe. Na usishangae maharage kuchelewa kuiva, kule maji yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa, Kibo Hut, kituo cha mwisho cha kulala kwa njia ya Marangu, yanachemka kwenye nyuzi kama 84 badala ya 100.

Siku ya kwanza Marangu ni msitu, giza la kijani, mbega weusi na mikia yao myeupe, unyevu mpaka kwenye kope, utajisikia vizuri na utataka kukimbia. Hapo ndo shemeji yangu wa Newala alipoharibu. Mtu wa shamba, nguvu za ajabu, alifika Mandara, mita 2,700, saa nzima kabla yetu akatukuta amekaa anatucheka. Siku ya pili tukatoka msituni tukaingia vichaka vya mimea mifupi, tukafika Horombo, 3,720, na akawa wa kwanza tena, lakini usiku nikamsikia anajigeuza geuza. Siku ya ziada tuliitumia hapo Horombo, tukapanda mpaka yale mawe ya mistari myeupe na meusi kama punda milia kisha tukarudi kulala chini. Njiani ipo ile mimea mikubwa kama mgomba uliovaa koti, majani makavu yanalifunga shina lisiumwe na baridi, nasikia inaota Kilimanjaro tu, nilikaa pale muda mrefu nikiishika. Siku ya nne ni jangwa, uwanda mpana kati ya Mawenzi, kile kilele kidogo, na Kibo, hakuna mti, upepo na mawe, unaiona Kibo mbele siku nzima na haikaribii.

Usiku wa kilele unaamshwa saa tano usiku, unakunywa chai, saa sita mnaondoka na tochi za kichwani. Watu wanauliza kwanini usiku? Sababu ya kwanza ni kwamba yale majivu na kokoto usiku yameganda, yanashika mguu, jua likitoka yanalegea unakuwa kama unapanda tuta la mchanga. Ya pili mchana mawingu yanafunga. Chupa ya maji igeuze kichwa chini ndani ya begi, maji yanaanza kuganda kwa juu kwahiyo mdomo wa chupa utabaki wazi, mimi mpira wangu wa kunyonyea maji uliganda saa nane usiku na nikabaki na kiu mpaka mwongozaji akanigawia yake. Simu na betri weka kifuani chini ya sweta, zikipigwa na baridi chaji inakufa hata kama ilikuwa imejaa. Hatua ni fupi, kisigino kinagusa kidole cha mguu mwingine, pumzi moja hatua moja. Usikae chini zaidi ya dakika mbili tatu, usingizi wa pale ni mbaya.

Pango la Hans Meyer, kama mita 5,150, shemeji alianza kutembea kama mlevi. Sio kwamba alichoka, kuchoka tulichoka wote. Mwongozaji alimwambia atembee mstari mmoja kisigino kwa kidole, akaenda pembeni hatua ya tatu. Akamuuliza leo ni siku gani, akasema tuko Masasi. Hapo hapo mwongozaji msaidizi akamgeuza, usiku ule ule, hakuna kusubiri asubuhi wala kunywa dawa tuone. Shika hilo: kichwa kinachouma na kikapungua kwa maji na kupumzika unaweza kubaki pale ulipo ukikiangalia, lakini kuyumba, kuchanganyikiwa, kifua kinachokoroma kama kina maji, kikohozi chenye povu, kuhema hata ukiwa umekaa, ni KUSHUKA sasa hivi, kwa sababu ubongo au mapafu yanajaa maji na watu wanakufa kwa hilo kila mahali penye milima mirefu. Yule mtu alilia. Saa nne asubuhi alikuwa Horombo anakula ugali na kichwa kimeacha kuuma, kushuka tu ndo kulikomponya. Mlima upo, atarudi, sasa hivi anafanya mazoezi ya kutembea taratibu na hilo kwake ni gumu kuliko kupanda.

Mimi nilifika Gilman's, pale unapotokea kwenye ukingo wa shimo la volkano, saa kumi na mbili na kidogo. Jua linatoka nyuma ya Mawenzi, na hapo ndo nikakanyaga theluji mara ya kwanza.

Nieleze vizuri maana wengi tunaijua kwenye picha tu. Theluji sio barafu ya friji. Ile iliyoanguka karibuni ukiichota ni nyepesi, inabonyea, ukiibana mkononi inakuwa donge na inatoa mlio mdogo kama unga wa muhogo ukiubana. Ile ya siku kadhaa, jua limeilamba mchana na usiku imeganda, juu ina gamba gumu lenye punje punje, inafanana kabisa na chumvi ya mawe kwenye mashamba yetu ya chumvi, na mlio wake ukiikanyaga ni kwaru, kwaru. Alfajiri hilo gamba linateleza. Kanyaga kwenye nyayo za aliyetangulia, weka mguu mzima usitegemee ncha, fimbo mbili zitangulie, na kama mwongozaji amekupa vile vyuma vya kufunga chini ya kiatu vivae usione aibu. Wakati wa kurudi, saa nne tano hivi, gamba limelainika, hapo unashuka kwa kuchoma kisigino, magoti yamelegea, usiegemee nyuma utakaa chini.

Macho. Nenda siku yoyote saa saba mchana kwenye mashamba ya chumvi, simama katikati utazame chini, ule mwanga unaokulazimisha kufumba ndo wa theluji, ila kule hewa ni nyepesi na jua linachoma zaidi. Bila miwani ya giza macho yanaungua kama ngozi, huoni chochote wakati huo, ni baadae usiku unahisi mchanga umejaa machoni na unaweza kushindwa kufungua siku nzima. Miwani ya barabarani ya urembo haitoshi, tafuta inayoziba pembeni na iliyoandikwa kwamba inakinga miale yote ya jua. Mafuta ya jua paka hata chini ya pua na kidevu maana mwanga unatoka chini. Weusi tunaungua pia, midomo yangu ilipasuka.

Usile theluji kwa kiu. Inakupoza mwili ndani na maji unayopata ni kidogo sana.

Kutoka Gilman's kwenda Uhuru ni saa moja na nusu mpaka mbili kwa mwendo wetu, unazunguka ukingo wa shimo la volkano, na kushoto unaona barafu yenyewe, kuta za rangi ya maziwa yenye bluu ndani, zimesimama wima kama zimekatwa kwa msumeno, na ukiangalia kwa karibu zina mistari ya tabaka, kila mstari ni theluji iliyoanguka miaka mingi ikashindiliwa na ya juu yake. Hapo ndo nilielewa tofauti ya theluji na barafu, theluji ni ya msimu huu inakuja na kuondoka, barafu ni theluji ya wazee. Usisogee chini ya hizo kuta, zinamenyeka mapande.

Na zinaisha. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa kama kilomita za mraba 12, kufika 2011 haikuwa hata 2. Cha ajabu ni kwamba sehemu kubwa haiyeyuki kuwa maji yakatiririka, inaondoka kuwa mvuke moja kwa moja kwa sababu hewa ya juu ni kavu na jua ni kali. Theluji mpya ikianguka juu yake inailinda, weupe unarudisha jua, lakini mvua zikipungua ile blanketi haipo na barafu chafu inaliwa. Na dunia inavyozidi kupata joto ndo mbaya zaidi. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Rebmann aliposema ameona theluji karibu na ikweta wasomi wa Ulaya walimkatalia, na wajukuu zetu wataambiwa kulikuwa na barafu Tanzania na pengine watakataa hivyo hivyo. Mwenye nia aende sasa, hili nalisema kutoka moyoni.

Pale kileleni kaa dakika kumi na tano, sio zaidi. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliweka bendera na Mwenge hapo, mimi nilifikiria ubaridi wa chuma cha ule mwenge kwenye glovu za mwaka ule. Piga picha na simu uirudishe kifuani, geuka. Watu wengi wanaumia wakati wa kushuka kwa sababu akili imeshafika nyumbani.

Kwa ambaye hela au afya hairuhusu kilele, usibaki nyumbani. Kuna safari ya siku moja kutoka geti la Marangu mpaka Mandara na kidogo mbele shimo la Maundi, unaona msitu, unaona Kibo na Mawenzi kama hali ya hewa ni nzuri, na jioni uko Moshi. Nilikutana na mama wa makamo pale na wajukuu wake wawili, wamepiga hatua taratibu mpaka wamefika.

Ukirudi huku siku mbili za kwanza ngazi utazishuka kinyumenyume, kawaida. Kucha za vidole vikubwa zinaweza kuwa nyeusi kama buti zilikuwa fupi, usizing'oe. Rudi kwenye chandarua usiku huo huo, na ukipata homa ndani ya wiki mbili nenda kapime.

Jaketi langu usiliulizie kwa sasa, liko kwa jirani yangu hapa Chuno, ana tiketi ya basi ya wiki ya kwanza ya Februari na kila jioni namwona anapita na buti zake kuelekea ufukweni.